Pesa za wakulima wakati wa korona: zilipangwaje, na kwa nini Garsen iliziona kwa mbali

Kila ninapoandika habari za bajeti, kuna swali moja ambalo hunirudia kutoka kwa wasomaji wa Garsen, Tarasaa na Ngao. Zile pesa za korona za wakulima zilikwenda wapi? Wengine huuliza kwa hasira, wengine kwa mzaha, na mmoja aliniuliza kana kwamba ninazo mimi mfukoni. Miaka imepita lakini swali halijazeeka, kwa sababu kila maji ya Mto Tana yakipanda watu huandikwa majina upya, na kila wakiandikwa hukumbuka ile mara waliyosikia mabilioni yakitajwa redioni.

Nianze na shemeji yangu, maana kisa chake ndicho kilichonifanya nizifuatilie pesa hizi. Ana shamba la malalo upande wa chini wa Garsen, ekari mbili na kitu, karibu na mto. Januari 2020 alipanda matikiti maji. Alihesabu siku zake vizuri. Tikiti huchukua miezi mitatu hivi, na Ramadhani mwaka ule ilikuwa inaingia mwishoni mwa Aprili. Kila mtu wa pwani anajua tikiti linavyotafutwa kwa futari. Alikopa mbegu na dawa kwenye agroveti, akakodi pampu, akanunua petroli, akaanza kumwagilia.

Machi 13 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Shule zikafungwa, hoteli za Malindi, Watamu na Mombasa zikaanza kufunga milango. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Halafu likaja lile lililomvunja mgongo: kuanzia Aprili 8 hakuna kuingia wala kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Angalia ramani. Mtu wa Garsen akitaka kufika Mombasa kwa barabara ni lazima apite Malindi, na Malindi iko Kilifi. Soko la Kongowea likawa kama liko nchi nyingine.

Kwa haki, amri ile haikuzuia chakula. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, mradi yawe na watu wachache walioandikwa rasmi kuwa dereva, kondakta au mpakiaji. Lakini anayejua biashara ya matikiti anajua kwamba lori haliji peke yake. Huja kwanza dalali, analala Minjila au Garsen, anazunguka mashambani, anagonga tikiti kwa kidole, anakubaliana bei, ndipo anapiga simu lori lije. Dalali hakuwa dereva wala mpakiaji. Alibaki kwake Mombasa. Na hata wale walioagiza kwa simu walitaja bei isiyofika nusu ya msimu uliotangulia, kwa kuwa hoteli zimefungwa, na kuanzia Mei 6 hata Mji wa Kale, mahali ambapo futari huuzwa barazani, ulizuiliwa watu kuingia na kutoka. Shemeji aliuza kidogo pale stendi, mengine akagawa kwa majirani, yaliyobaki wakala mbuzi. Deni la agroveti likabaki palepale.

Mwezi uleule wa Mei maji yakaja. Mvua za bara zilijaza mabwawa ya Seven Forks, Masinga likafurika, na mto ukatoka nje huku chini. Na mwanzoni mwa mwaka nzige walikuwa wamekwishapita. Kwa hiyo mtu anapozungumzia hasara ya korona kwa mkulima wa Tana River, anazungumzia hasara ya tatu katika miezi mitano.

Sasa twende kwenye pesa.

Jumamosi ya Mei 23, 2020, siku tuliyokuwa tukingojea mwezi wa Idi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ulikuwa na mafungu manane: barabara, elimu, biashara ndogo, afya, kilimo, utalii, mazingira na viwanda. Kwenye fungu la kilimo kulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, shilingi bilioni 3 za kupunguza bei ya pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kwa njia ya vocha ya simu. La pili, shilingi bilioni 1.5 za kuwasaidia wakulima wa maua na mboga na matunda wafikie masoko ya nje wakati ndege zilikuwa haziruki.

Hapo ndipo kosa la kwanza la masikio yetu lilipotokea. Redio ilisema “bilioni tatu kwa wakulima”, na kila mwenye jembe akajihesabu. Tufanye hesabu ya duka tu. Bilioni 3 ukigawa kwa watu 200,000 unapata shilingi 15,000 kwa kila mmoja, si pesa ndogo. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 6 zinazolima nchini. Laki mbili kati ya milioni sita ni kama watu watatu katika kila mia. Hata kama wangegawanywa sawasawa kwa kaunti 47, kila kaunti ingepata wakulima 4,255 hivi. Tana River peke yake ilihesabiwa watu 315,943 katika kaya zaidi ya 60,000. Kwa hiyo hata ugawaji wa haki kabisa, usio na mwizi wala mjomba ndani yake, ungemwacha mtu mmoja na vocha na majirani zake zaidi ya kumi bila. Hili halikusemwa kwa sauti siku ile.

La pili, zile hazikuwa pesa za mkononi. Vocha ya pembejeo inakwenda hivi. Unaandikishwa kwa nambari ya kipande na nambari ya simu, pamoja na zao unalolima na ukubwa wa shamba. Ukikubaliwa, unaletewa ujumbe kwenye simu. Unakwenda kwa mwenye duka aliyesajiliwa, unachukua mbegu, mbolea au dawa, na sehemu ya bei unalipa mwenyewe. Serikali inamlipa mwenye duka. Wewe hushiki noti yoyote.

Mpango wa aina hii una sababu yake, na si sababu mbaya. Miaka ya nyuma mbolea ya bei nafuu ilikuwa ikipakuliwa kwenye maghala ya bodi ya nafaka, kisha inanunuliwa na wafanyabiashara wakubwa, inabadilishwa magunia na kumrudia mkulima kwa bei ya soko. Vocha inayofungwa kwenye kipande cha mtu mmoja ni vigumu zaidi kuibwa kwa jumla. Majirani zetu wa Kilifi na Kwale walikwisha kuizoea kabla ya korona kupitia mradi wa nafaka uliofadhiliwa na shirika la IFAD na Umoja wa Ulaya, uliowapa wakulima kadi za benki za kuchukulia pembejeo. Kaunti yetu haikuwa katika mradi huo. Sisi tulikuwa katika mradi mwingine wa Benki ya Dunia, ule wa kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi, ambao ulifanya kazi katika kaunti 24 na ulitoa pesa kwa vikundi vilivyoandika maombi. Ni mradi wenye faida yake, lakini kikundi kilichoandikiwa mradi wa kuku hakiwezi kugeuza pesa hizo kulipia matikiti yaliyooza.

Utaona basi kwamba tangazo lilipotoka, kuna kaunti zilizokuwa na orodha tayari, maduka yaliyosajiliwa tayari na wakulima waliojua kutumia vocha. Serikali ikiwa na haraka hupitia mlango ulio wazi. Mahali ambapo hakuna orodha, haraka ya serikali hugeuka kuwa subira ya mwananchi.

Lakini tuseme vocha imefika. Tuseme shemeji yangu amepata ujumbe mwezi Juni 2020, shilingi 15,000 za mbegu na mbolea. Ingemsaidia nini? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wa bara wanaopanga mambo haya wakati mwingine hawajui malalo ni nini.

Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mvua inapoanza. Kalenda yake inajulikana na wizara nzima, na mbolea huagizwa kwa kalenda hiyo. Mkulima wa malalo ya Tana anapanda kwa kalenda ya mto. Mto ukifurika shamba linakuwa ziwa. Maji yakishuka yanaacha tope jipya, lenye rutuba iliyosafiri kutoka milima ya bara, na unyevu unaodumu wiki chache. Hizo wiki chache ndizo msimu. Ukipata mbegu ndani yake utakula. Ukikosa, udongo unakauka na kupasuka na utasubiri tena. Huku Ozi na Kau mambo ni mengine tena: wanalima mpunga kwa maji ya mto yanayosukumwa shambani na bahari inapojaa, na mwaka ambao mto umepungua nguvu yanaingia maji ya chumvi na kuua mpunga. Kule mkulima anaangalia mwezi kabla ya kuangalia mawingu.

Kwa mtu kama huyo, gunia la mbolea si haja ya kwanza. Tope la mto limekwisha kufanya sehemu ya kazi hiyo. Anachohitaji ni mbegu kwa siku anayoitaka yeye, mafuta ya pampu wakati mto umeshuka, na njia ya kufikisha mazao sokoni. Vocha ya pembejeo hainunui petroli. Haifungui barabara ya Malindi. Na mwezi wa Mei, pale ilipotangazwa, shamba lake lilikuwa chini ya maji, na vijiji vingine vya Garsen kusini vilikuwa vikifikiwa kwa mtumbwi.

Naomba niseme jambo moja la pembeni. Katika zaka ya mazao, tulivyofundishwa chuoni, shamba lililonyweshwa na mvua au mto wenyewe hutolewa moja ya kumi, na lile lililonyweshwa kwa kazi na gharama hutolewa nusu yake, moja ya ishirini. Yaani tangu zamani ilijulikana kwamba shamba na shamba si sawa, na kwamba anayebeba maji ana gharama ambayo mwingine hana. Fomu ya pembejeo huuliza ukubwa wa shamba na zao. Sijawahi kuona ikiuliza maji yanafikaje.

Na wafugaji je? Nusu ya uchumi wa Garsen hutembea kwa miguu minne. Waorma na Wawardei waliuziwa nini katika mpango ule? Vocha ilikuwa ya mazao, na ng'ombe hali mbolea. Fahali anayetoka Garsen anakwenda machinjioni Kilifi na Mombasa, na hoteli zilipofungwa nyama ilikosa mlaji kama vile tikiti lilivyokosa. Hasara ilikuwa ileile, lakini yule hakuwa na hata orodha ya kusubiria. Cha ajabu ni kwamba kwa upande wa mifugo serikali ilikuwa tayari na mfano wa kulipa bila kumsumbua mtu. Ile bima ya mifugo ya serikali, ambayo Tana River ilikuwamo miongoni mwa kaunti nane za mwanzo, ilikuwa ikipima ukijani wa malisho kwa setilaiti. Ukishuka chini ya kiwango, kaya zilizoandikishwa zilikuwa zikilipwa kabla mifugo haijafa, bila kujaza fomu ya madai. Lakini setilaiti huona majani yaliyokauka. Haioni soko lililofungwa.

Linganisha na Marekani. Aprili 2020 wizara ya kilimo ya huko ilitangaza mpango wa dola bilioni 19, na kati yake bilioni 16 zilikuwa malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji. Waliangalia bei ya bidhaa ilivyoanguka kati ya Januari na Aprili, na mtu akalipwa kwa kipimo cha alichokuwa nacho, ng'ombe kwa ng'ombe, tani kwa tani. Mpango ule nao ulilaumiwa, kwa sababu anayelipwa kwa ukubwa wa alichonacho basi mkubwa hulipwa zaidi. Na si kwamba Kenya ina mfuko wa Marekani. Ninachotaka uone ni swali walilouliza. Wao waliuliza: umepoteza nini? Sisi tuliuliza: utapanda nini? Mtu aliyepoteza mavuno yaliyokwisha kukomaa anaona maswali hayo mawili kama mchana na usiku.

Kulikuwa na mifuko mingine ambayo watu huichanganya na huu wa wakulima, na nadhani ndiyo iliyozaa nusu ya manung'uniko. Machi 25, 2020 Rais alitenga shilingi bilioni 10 za ziada kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Ndipo wazee wa miaka 70 na kuendelea walio katika Inua Jamii, wanaopata shilingi 2,000 kwa mwezi, wakalipwa miezi minne kwa mpigo, shilingi 8,000. Kijijini ilionekana kama fulani kapewa pesa za korona. Ukweli ni kwamba ile ilikuwa stahiki yake ya Januari hadi Aprili iliyolipwa pamoja. Kisha kukawa na ile shilingi 1,000 kwa wiki kwa M-Pesa, ambayo ilianzia kwenye mitaa ya mabanda mijini. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti Julai 2021 juu ya hali ya Nairobi, likaeleza jinsi majina yalivyoingizwa kwa kujuana na jinsi wengi walioandikwa hawakuona senti. Na kukawa na Kazi Mtaani, vijana wakifyeka na kuzibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili ilipofika kaunti zote. Huo ulikuwa mpango wa mijini. Kijana wa Garsen mjini angeweza kuupata. Kijana wa Chara angehitaji nauli kubwa kuliko ujira.

Hakuna hata mmoja kati ya mifuko hiyo uliomtazama mtu kama mkulima. Mzee alilipwa kwa sababu ya uzee wake, kijana kwa sababu ya fyekeo. Ndiyo maana ukiuliza Garsen nani alipata pesa za korona utaambiwa majina, na ukiuliza mkulima gani alilipwa kwa sababu shamba lake lilipata hasara, watu watatazamana.

Halafu Agosti 2020 ikalipuka habari ya KEMSA na ununuzi wa vifaa vya korona, na kuanzia hapo kila shilingi ya korona ikahesabiwa imeibwa. Sitetei mwizi yeyote. Lakini nimekuja kuamini kwamba kwa pesa za wakulima jambo letu kubwa ni jingine, na linauma zaidi kwa sababu halina mshtakiwa. Pesa nyingi ambazo hazikutufikia hazikuibwa njiani. Hazikuwa zimeelekezwa kwetu tangu siku zilipoandikwa. Ziliandikwa kwa mkulima mwenye kalenda ya mvua, aliye karibu na duka lililosajiliwa, mwenye zao moja linalojulikana wizarani, na simu inayoshika mtandao. Mwizi unaweza kumkamata. Fomu isiyokujua utaikamata wapi?

Na hapa ndipo kisa cha shemeji yangu kinaponikosesha usingizi. Mwanzoni mwa 2023 serikali mpya ilianza kuandikisha wakulima nchi nzima kupitia machifu na manaibu wao, ili mbolea ya ruzuku itolewe kwa majina. Gunia la kilo 50 lilikuwa limeshushwa hadi shilingi 3,500 mwaka uliotangulia, na baadaye likawa 2,500. Naibu wa chifu alipopita kwake, shemeji alikataa. Alisema ameandikwa mwaka wa mafuriko 2018, akaandikwa tena 2020, na jina lake limechoka. “Ndugu yangu,” aliniambia, “mimi nilime, wao waandike.” Nilicheka, na bado namwelewa. Lakini orodha ile ya 2023 si ya mbolea tu. Serikali ikishakuwa na daftari la wakulima, kila msaada unaokuja baadaye, wa ukame, wa mafuriko, wa ugonjwa mwingine Mungu atuepushe, utaanza kwa kufungua daftari hilo. Kilifi na Kwale walikuwa na orodha yao kabla ya korona. Asiyekuwemo hataibiwa. Hatajulikana yupo.

Kwa hiyo wanaoniuliza tufanye nini, haya ndiyo ninayowaambia.

Kilimo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Nairobi hubaki na sera. Afisa wa kilimo wa wadi, ambaye mshahara wake hutoka Hola, ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa. Muulize kama jina lako limo, limeandikwa zao gani, na ekari ngapi. Nimekutana na watu walioandikwa wanalima mahindi tu, kwa kuwa ndilo lililoandikwa haraka, ilhali wana migomba, maembe na mpunga. Maelezo hayo yanaweza kurekebishwa. Kama nambari yako ya simu imebadilika, hilo ni kubwa kuliko yote. Ujumbe wa vocha hutumwa kwa nambari iliyoandikwa, na simu ya mulika mwizi iliyozama mtoni 2020 haiwezi kupokea kitu. Kuna kina mama wengi waliotumia nambari za watoto wao walio Mombasa au Saudia. Ujumbe unaingia Riyadh, pembejeo ziko dukani, na mama yuko Wema anasubiri.

Mfugaji naye asikubali kuambiwa kwamba daftari ni la wenye majembe. Ajiandikishe na mifugo yake ihesabiwe.

Na anayetaka kujua kuhusu zile za 2020 ana haki ya kuuliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Si lazima uwe wakili, na si lazima ueleze kwa nini unataka kujua. Andika kwa Kiswahili, taja jambo unalotaka: ni wakulima wangapi wa Tana River waliopata vocha za pembejeo katika mpango wa Mei 2020, katika wadi zipi, na walisajiliwa kwa mazao gani. Weka nakala, pigisha muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo watu huiita ofisi ya Ombudsman. Swali la namna hii hujibiwa kwa takwimu. Swali la “pesa zetu mmekula?” hujibiwa kwa hotuba.

Jambo la mwisho linawahusu madiwani wetu na mbunge, nami nalisema kwa heshima. Bajeti ya 2020/21 ilisomwa Juni 11, wiki tatu tu baada ya lile tangazo. Zile wiki tatu ndizo zilizokuwa za kusema kwamba kaunti ya mto haiwezi kupewa msaada wa kaunti ya mvua: tupewe mbegu wakati maji yanashuka, tupewe mafuta ya pampu, na dalali aandikwe kwenye karatasi ya lori kama dereva anavyoandikwa. Hilo la mwisho halikuhitaji hata shilingi moja. Lilihitaji mtu mmoja anayejua jinsi tikiti linavyouzwa awe ndani ya chumba wakati amri inaandikwa. Vizuizi vya Kilifi na Kwale viliondolewa mwanzoni mwa Juni, baada ya miezi miwili. Miezi miwili, na Ramadhani nzima ndani yake.

Shemeji hakupanda tena matikiti. Siku hizi analima mahindi na pojo za kula nyumbani, na ekari moja ameiacha, inaota magugu. Deni la agroveti alilimaliza 2022 kwa kuuza ng'ombe wawili. Nilipomwona wiki iliyopita nilimwambia naibu wa chifu bado anapokea majina ya walioachwa, na kwamba nitakwenda naye kama anaona uzito. Akaniuliza kama watamwandika pia kwa ile ekari iliyolala. Nikamwambia ndiyo, ni shamba lake. Akasema tuzungumze akishavuna.